Kitita cha Tatu

Nimefundisha hesabu miaka mingi, na kila nilipofika kwenye somo la vipeo nilitoa mfano wa kitabuni, wa vile vidudu vinavyogawanyika ndani ya chupa. Wanafunzi waliuchoka, nami niliuchoka kabla yao. Nilikuwa na mfano mwingine wa nyumbani kabisa, ulio bora kuliko ule, lakini sikuutoa hata siku moja, kwa sababu aliyeufanya ni mimi. Hadi leo nikiukumbuka masikio yanapata moto. Sasa nimezeeka, aibu haina tena cha kuninyang'anya, kwa hiyo acha niuseme.

Kwetu ni katikati ya Baraka na Lubondja, ndani kidogo, ambako ziwa unalisikia kwa upepo wake tu. Akina mama wa kwetu hawakuuziana miti ya muhogo. Nikisema miti nataja vile vipande vya shina, vya urefu wa mkono, vinavyochomekwa kwenye tuta vikaota. Mwanamke akipewa kitita kimoja cha mbegu ngeni alikipanda, akangoja mwaka, na siku ya mavuno ya kwanza alikata vitita vitatu. Kimoja alipeleka kwa watu wa mume wake, kimoja kwa watu wa kwao, na cha tatu kilikuwa cha yeyote atakayepita njiani akaomba. Basi, kazi yake imekwisha. Wale watatu nao mwakani watafanya vilevile. Na jambo jingine: anayepewa hasemi aksanti. Ukisema aksanti kwa kitu cha kupanda, kinakataa kuota. Unapokea, unakaa kimya, unakwenda kupanda.

Mama yangu alikuwa mjane, na kitu alichokuwa nacho kuliko wenzake ni mkono. Alichokichomeka ardhini kiliota. Wanawake walitoka mbali kuja kuomba mbegu kwake, hata zile walizokuwa nazo wenyewe, wakiamini kwamba zikipitia kwake zitakuwa na heri. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake, hakuwa na nyingine.

Mwaka ule, miaka ya hamsini ikiwa bado michanga, nilikuwa nimekubaliwa katika shule ya kufundisha walimu, huko kaskazini mwa ziwa. Mwishoni mwa mwezi wa nane nilikwenda Baraka kulipeleka sanduku langu la shule kwa fundi, na nikarudi na kamba yake tu mkononi. Njiani kulikuwa na shamba la serikali la kujaribia mbegu, chini ya agronomu, bwana shamba wa kizungu. Pembeni mwa uzio niliona lundo la miti ya muhogo, minene, ya rangi nyekundu, imekwisha pukutika majani. Hapakuwa na mtu. Nilichagua mizuri, nikaifunga kwa ile kamba ya sanduku, nikaitia kichwani.

Mama alikuwa anatwanga. Aliniangalia tangu nikiwa mbali.

"Miti ya nani hii, papa?" Ndivyo alivyoniita mwanawe, papa, kama baba yake.

Ningeweza kusema nimeiokota kwenye lundo. Lakini kichwa kilikuwa kimenivimba kwa ajili ya ile shule.

"Ni agronomu alinipatia, mama. Anasema iko zawadi ya mwanafunzi wa akili."

Aliweka mchi chini. Aliishika ile miti mmoja mmoja. Hakusema aksanti, bila shaka, lakini kabla jua halijatua nyumba zote za jirani zilikuwa zimeambiwa kwamba mutoto yake alipewa na agronomu mwenyewe.

Niliporudi likizo mwaka uliofuata, muhogo ulikuwa umefika kiunoni. Majani yake yalikuwa na madoa ya manjano, na ncha zimejikunja.

"Majani iko na madoadoa," mama aliniambia. "Ni vile inakuwaka?"

Sikujua lolote. "Ni vile, mama. Ya bazungu iko vile."

Basi ikawa ndiyo alama. Muhogo wa agronomu unaujua kwa madoadoa. Mama alipokata vitita vitatu alichagua mashina yaliyotoka kwenye majani yenye madoa mengi, ili asimpe mtu mbegu ya uongo. Kimoja alikipeleka kwa shangazi yangu, dada ya baba. Cha pili kwa dada yake mkubwa. Cha tatu kilichukuliwa na mama mmoja Mwislamu wa Baraka, mke wa mwenye mitumbwi, aliyepita kwetu akitoka kuangalia shamba lake, akaona yale majani, akayapenda, akaomba. Mwaka uliofuata hao watatu waliwapa tisa. Nao pia walichagua madoa. Mimi nilipita katikati ya mashamba hayo nikiwa na viatu, nikisalimiwa kwa heshima.

Sasa njoo darasani. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mzungu wa misheni, mrefu, aliyekohoa chaki. Siku hiyo alichora mistari miwili ubaoni. Wa kwanza ulipanda sawasawa, kidogo kidogo; huo, alisema, ni wa mtu anayejumlisha. Wa pili ulitambaa chini kwa muda mrefu hadi tukaudharau, halafu ukainuka na kupanda wima, ubao ukamwishia. Huo ni wa mtu anayezidisha. Akaeleza kwamba namba kubwa inayokaa chini ndiyo inayojizidisha, na kile kinamba kidogo kinachokaa begani mwake, kipeo, kinasema imejizidisha mara ngapi. Halafu akataka mfano kutoka nyumbani kwetu.

Nilisimama. Nilimweleza desturi ya vitita vitatu. Mwaka wa kwanza tatu, wa pili tisa, wa tatu ishirini na saba. Alifurahi mno, akaandika ubaoni 3 na begani mwake n, n ikiwa ni miaka. Akauliza: vitita vitafika mia mbili arobaini na tatu mwaka gani? Nikachukua chaki nikaigawa ile namba kwa tatu: themanini na moja, ishirini na saba, tisa, tatu, moja. Mara tano. Kwa hiyo 243 ni tatu yenye tano begani, na ikiwa za chini ni sawa, basi na za begani lazima ziwe sawa. n ni tano.

"Na kwenu kuna nyumba ngapi zenye shamba?" akauliza.

Nilikisia mia mbili.

"Zitapitwa lini?"

Hapo hapakuwa na sawasawa ya kuandika, maana mia mbili haitokani na tatu tupu. Niliandika alama ya kuzidi: 3ⁿ > 200. Nne begani inaleta themanini na moja, haitoshi. Tano inaleta mia mbili arobaini na tatu, imepita. Na hakuna mwaka wa nne na nusu, kwa sababu muhogo haukatwi nusu ya mwaka. Kwa hiyo n ni tano au zaidi. Nikasema kwa majivuno kwamba mwaka wa tano hakutakuwa na nyumba kwetu isiyokula muhogo wa mama yangu. Darasa lilipiga makofi. Nililiandika jibu hilo katika daftari, nikalizungushia kalamu nyekundu.

Likizo iliyofuata nilishuka mtumbwini Baraka, nikapita tena karibu na lile shamba la serikali. Safari hii alikuwapo monitere wa kilimo, msaidizi wa agronomu, kijana mweusi wa kaptula ya kaki, mtu mwenye maneno mengi. Alinionyesha kipande kimoja kilichozungushiwa vigingi vyekundu. Ndani yake niliona majani ya manjano yaliyojikunja. Nilimwambia, kama mtu anayejua, kwamba hiyo ndiyo mbegu bora ya agronomu.

Alicheka. "Bora wapi? Ile yote iko mugonjwa. Tunaichunga juu ya kujifunza ugonjwa. Miti yake tunachomaka kila mwezi wa nane. Na ugonjwa iko mu muti wenyewe: ukikata muti, umekata na ugonjwa." Akanyoosha kigingi kimoja kilicholala. "Mwaka ile moja tulikuta lundo imepunguka. Sijui nani alibeba njaa yake."

Nikaaga.

Nilipofika nyumbani wale wanawake tisa walikuwa wiki ileile wanakata vitita vyao. Nataka hili lieleweke vizuri. Siku ile mashamba yenye ugonjwa yalikuwa kumi na matatu tu: moja la mama, na matatu, na tisa. Nyumba kumi na tatu mtu anazitembelea kwa siku mbili, na jioni ya pili anakula kwao. Nilijiambia kwamba naogopa kufukuzwa shule kwa kuchukua mali ya serikali. Ni kweli niliogopa. Lakini woga ule ningeushinda. Nilichoshindwa ni kumwambia mama kwamba agronomu hajawahi kulijua jina langu. Nikakaa kibarazani nikitazama wanawake wakipita na vitita kichwani, ishirini na saba, na wengine walinipa habari za asubuhi.

Shuleni nililifungua lile daftari. Nilijaribu kujifariji kwamba ishirini na saba si nyingi. Lakini hesabu haina huruma. Mara mbili ya kumi na tatu, ongeza moja, ni ishirini na saba. Mwaka mmoja wa kunyamaza ulikuwa umeharibu kuliko miaka yote iliyotangulia ikijumlishwa pamoja. Na jumla sasa ni arobaini. Nikinyamaza tena, vitakavyotolewa ni mara mbili ya arobaini, ongeza moja. Niliielewa kazi ile kuliko mwanafunzi yeyote darasani. Kwenye mtihani nilipata alama zote, na mwalimu alilisoma jibu langu kwa sauti.

Unadhani niliporudi mwaka wa nne nilisema? Nilikuwa nimepiga moyo konde njia nzima. Nilimkuta mama anachimba. Alinionyesha mizizi iliyojaa kiganja, myembamba kama vidole vyake. Alikuwa ameongeza matuta, akidhani ni yeye aliyepanda vibaya.

"Mukono yangu inachoka," alisema.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Kuwaambia watu kumi na watatu kulikuwa kugumu. Kuwaambia arobaini kulikuwa kugumu zaidi. Na woga wangu nao ulikuwa unazidishwa, hauongezwi. Nikamwambia apumzike, nikachukua jembe, nikachimba siku mbili mfululizo hadi mikono ikatoka malengelenge, nikijiona mwana mwema. Vitita themanini na kimoja vilitoka wiki hiyo.

Mwaka wa tano watu walikuwa wanakwenda kununua unga Baraka, unga uliovushwa kutoka Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Monitere aliwaita wanawake wote wa upande wetu asubuhi moja, uwanjani kwa kapita, mkuu wa kijiji. Nilikuwa nimefika likizo siku mbili kabla. Hakugomba. Alitaka kujua chanzo, basi. Aliwaambia wenye madoadoa wasimame, kisha kila mmoja amwonyeshe kidole yule aliyempa.

Walionyesha. Vidole themanini na kimoja vikaenda kwa wanawake ishirini na saba. Akawaketisha wale wa kwanza, akawauliza ishirini na saba. Vidole vikaenda kwa tisa. Tisa wakaonyesha watatu. Nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na ukuta, nikiona mbele ya macho yangu kazi niliyoifanya ubaoni kwa chaki: gawa kwa tatu, gawa kwa tatu. Shangazi yangu, mama yangu mkubwa na yule mama wa Baraka wakaonyesha mahali pamoja. Nilihesabu hatua. Zilikuwa nne, na mtu wa hatua ya tano ni mimi.

"Na wewe mama," monitere akasema, "nani alikupatia?"

Mama alikuwa amesimama peke yake. Hakunitazama. Mwaka ule wa kwanza aliwaambia wote hao kwamba ni agronomu, na wote walikumbuka, na walikuwa wanangoja aseme.

"Niliokotaka mu njia," alisema. "Ile ya agronomu nilidanganya, juu ya kujisifu."

Niliusikia uongo wangu ukitoka kinywani mwake. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mwalimu wa kesho, nimevaa viatu, nikamwacha mama yangu abebe. Watu waliguna. Monitere alisema mashamba yote yang'olewe na kuchomwa, na asitoe mtu mti hata mmoja mwaka huo. Wakati wa kuondoka hakuna aliyetembea pamoja na mama. Mwanamke mmoja, aliyekuwa ameomba mbegu za maharagwe kwake juzi yake, alikuja akaziweka mlangoni petu na kwenda zake.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta jikoni anachambua sombe, majani ya muhogo. Nikasema yote, tangu lundo hadi vigingi vyekundu, nikasema na hesabu zake, themanini na moja, mia moja ishirini na moja. Nilikuwa nalia, na bado nilikuwa nataja namba.

Aliendelea kuchambua.

"Agronomu hafungaka miti na kamba ya sanduku ya mutoto yangu," alisema. "Nilijua uliiba. Ugonjwa ndio sikujua." Akachukua jani jingine. "Wewe ulijua tangu lini?"

"Miaka mbili, mama."

Hapo ndipo mikono yake iliposimama. Wizi alikuwa ameubeba bila neno, tena kwa miaka mitano. Ile miaka miwili ndiyo iliyomwumiza, na niliona ikimwumiza, na sikuwa na pa kuficha uso.

Nilimwambia nitakwenda kwenye nyumba zote mia moja na ishirini, moja baada ya nyingine.

"Hapana. Wende kwa batatu. Mi nilipatia batatu. Bao batapelekea babo." Yaani hao watatu watawapelekea wale waliowapa wao.

Nilikwenda. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaingia ndani na kufunga mlango, nami nikakaa nje hadi nilipoelewa kwamba hatafungua. Mama mkubwa alinitukana vizuri, kwa Kibembe, akataja na babu yangu. Yule mama wa Baraka alinikaribisha kwenye mkeka, akanipa maji, akaniuliza swali moja tu: kama mama yangu amekula tangu jana.

Maneno yalikwenda kwa njia ileile ya miti, watatu kwa tisa, tisa kwa ishirini na saba, ila hayakuhitaji kungoja mavuno. Siku ya nne watoto wa Lubondja walikuwa wanajua jina langu na kazi niliyoifanya. Nami niliendelea na likizo yangu hadi mwisho, kwa sababu mama alikataa nirudi shule mapema.

Kung'oa nako kulikuwa na hesabu yake. Si kila shamba lililong'olewa lilikwisha mara moja. Vipande vilibaki ardhini, vikaota, na kila mwaka ilibaki kama sehemu moja ya tatu ya ugonjwa wa mwaka uliopita. Namba ya chini ikiwa ndogo kuliko moja, kila kipeo kinachoongezeka kinapunguza, na alama ya kuzidi inageuka. Wanafunzi wangu hukosea hapo kila mwaka. Wanasahau kuigeuza. Mimi sisahau, kwa kuwa nimeona ilichukua miaka karibu ileile kushuka kama ile iliyochukua kupanda.

Mbegu safi ilikuja kabla likizo ile haijaisha, kutoka kwa mama wa Baraka, ambaye ndugu zake walikuwa Ubwari, ambako ugonjwa na katazo la monitere havikufika. Alikuja nayo mwenyewe kwa miguu, kitita kimoja, akakiweka mikononi mwangu, si mwa mama. Nikafungua kinywa nimshukuru, mama akanikanyaga mguu. Basi nikanyamaza. Tulipanda siku hiyohiyo, mama akielekeza, mimi nikichomeka, kwa sababu alisema shamba hili ni langu.

Mwaka uliofuata nilirudi likizo ya mwisho, nikakata vitita vitatu. Majani yalikuwa ya kijani kitupu, niliyakagua moja moja. Cha kwanza nilikipeleka kwa shangazi, akakipokea mlangoni bila kuniangalia. Cha pili mama mkubwa alikipokea na tusi dogo. Cha tatu nilikaa nacho kando ya njia tangu asubuhi, kikiwa kimesimamishwa mahali ambapo kila mtu atakiona. Ilikuwa siku ya soko. Wanawake walipita, wakanisalimu kwa adabu, wakakitazama kitita, wakaendelea. Hakuna aliyeomba. Jua lilikuwa limeinama nilipomwona yule mwanamke wa maharagwe. Alisimama. Alinisalimu, akaitazama miti kwa muda mrefu, kisha akanipita, akaenda hadi mlangoni petu kwa mama.

"Mama," nilimsikia akisema, "iko na muti ya kupanda?"

Mama alitoka na panga. Alipita mbele yangu bila kukigusa kitita changu, akaingia katika shamba lilelile nililolipanda mimi, akakata mashina yaleyale, akayafunga na kumpa. Yule mwanamke hakusema aksanti. Alikitia kichwani akaondoka, na mama akasimama kuangalia hadi alipopotea kwenye kona. Tangu siku ya uwanja ule sikuwa nimeona uso wake vile, nikafurahi. Halafu, kwa kuwa kitita cha tatu kilikuwa kimekwisha kutoka mkononi mwake, nikafungua changu, nikakatakata miti yake, nikaitia jikoni kuwa kuni.